Somo wa Suhaila

Wivu hauna adabu, asikudanganye mtu. Haubishi hodi wala hauulizi kama wenyewe wapo. Asubuhi ile Mwanakhamis wa Ngamiani, Tanga, aliamka ugenini Mombasa na furaha zake tele. Akaoga kwa sabuni mpya yenye harufu ya waridi, akajipaka mafuta, akajifunga kanga ambayo haijaguswa maji, akakaa kitandani kungoja aitwe kwa mwari. Suhaila, binti wa shoga yake Semeni, alikuwa anaolewa Ijumaa, na somo wa Suhaila alikuwa yeye. Kazi hiyo moja ndiyo iliyomvusha mpaka.

Kwa asiyejua, somo ndiye anayeingia ndani na mwari na kumfunza unyumba, yale ambayo mama mzazi ataona haya kuyatamka. Na kazi haishi siku ya harusi. Mwari humwita somo wake “somo” mpaka mmoja wao aingie kaburini. Akigombana na mumewe hukimbilia kwa somo kabla hajakimbilia kwao. Akizaa, somo hupewa mtoto ampakate mwanzo. Basi kwa mwanamke ambaye tumbo lake halikushika mimba hata moja, kama Mwanakhamis, hilo si jambo dogo. Alishawasomesha wasichana wa watu pale Ngamiani, mmoja baada ya mmoja, kwa maneno aliyorithi kwa bibi yake. Lakini hao walikuwa wa watu. Suhaila alikuwa wake.

Alikuwa wake kwa ahadi. Semeni aliolewa Mombasa na bwana Massoud, ila mimba ya kwanza alirudi kujifungulia Tanga kwa mamake, kama desturi ilivyo. Siku ya arobaini, mtoto aliponyolewa nywele, Semeni alimtoa kifuani akamweka mapajani mwa Mwanakhamis mbele ya wanawake wote. Akasema, “Shoga, huyu wetu sote. Mie nitamnyonyesha, wewe utamsomesha.” Mwanakhamis alilia siku ile mpaka kamasi zikamtoka, na wala hakujificha.

Halafu wakubwa wakagombana huko juu, mpaka wa nchi mbili ukafungwa, na Semeni aliyekuwa akija Tanga kila Idi akawa haji tena. Zikaja Tanga zile shida: sukari kwa foleni, unga kwa foleni, sabuni ndiyo usiseme. Miaka ikapita hivyo. Mpaka ulipofunguliwa, Semeni alikuja mara moja tu, kumzika mamake, na katika kilio kile kile akamnong’oneza Mwanakhamis, “Ahadi yetu iko pale pale.” Kwa hiyo ilipokuja habari kwamba Suhaila kaposwa, Mwanakhamis hakungoja kuombwa mara mbili. Alianza kukusanya liwa ya kumsugulia mwari na udi wa kumfukizia, akaenda mpaka Kigombe kumtafuta mtu aliyekuja na karafuu nzuri kutoka Pemba.

Ndiyo maana, Semeni alipoingia chumbani amevaa buibui na kusema, “Vaa, shoga, leo nakutembeza mji,” Mwanakhamis alibaki kamkodolea macho.

“Mji? Na mwari je?”

“Mwari hakimbii. Yuko ndani, kalala kama gogo. Vaa twende, jua lisitukute.”

Mwanakhamis alivaa. Lakini moyoni neno lilishamwingia, dogo, likakaa kama mwiba wa samaki kooni. Anayetembezwa mji ni mgeni. Mwenye shughuli huwa jikoni, jasho linamtoka, anagombana na watu juu ya mchele. Tangu lini somo akatembezwa mji siku tatu kabla ya harusi?

Mlangoni akamkuta wa tatu. Mwanamke mrefu, maji ya kunde, kipini cha dhahabu puani, na sauti ya mtu aliyezoea kusikilizwa. Semeni akasema, “Huyu Mwanaima, mwenzangu wa Kibokoni. Ndiye atakayetuongoza.” Mwanaima akamkumbatia Mwanakhamis kama wamezaliwa pamoja. “Karibu Mvita, da Mwanakhamis! Habari zako twazijua zote, Semeni yuwakutaja mpaka tumechoka!” Akacheka. Semeni naye akacheka. Mwanakhamis akatoa meno tu.

Mwenzangu wa Kibokoni! Mwanakhamis aliligeuza neno lile njia nzima. Kwani yeye alikuwa nani, mwenzake wa wapi? Waliotoboana masikio kwa mwiba wa ndimu ni nani? Aliyempelekea Semeni salamu za Massoud kwa kificho, mpaka akapigwa na kaka yake kwa ajili hiyo, ni nani? Leo mtu anajitokeza na kipini chake, anaitwa mwenzangu.

Walianzia kwenye Pembe za Ndovu, pale barabara kubwa. Mwanakhamis alikuwa amezisikia tangu utotoni. Akaangalia juu, akaona bati.

“Ndovu gani huyu?” akasema. “Huyu si ndovu, huyu sufuria.”

Semeni akacheka mpaka akashika ubavu, kicheko kile kile cha zamani, na kwa dakika ile Mwanakhamis akasahau kila kitu. Kisha Mwanaima akaanza kueleza, kwamba pembe zile zilisimamishwa kwa ajili ya watoto wa mfalme wa Kiingereza, na kwamba mwenye kupita chini yake, na hapo akamkonyeza Semeni. “Kama yule wa Kilindini!” Wote wawili wakashikana mikono wakacheka upya. Huyo wa Kilindini alikuwa nani, hakuna aliyesema. Mwanakhamis akasimama pembeni ameushika ukaya wake, anatazama motokaa.

Alipouliza, Semeni akamwambia, “Aa, ni mambo ya hapa tu, shoga. Nitakuhadithia.”

Mambo ya hapa! Haya.

Njia ya kwenda Ngomeni ilipita madukani. Jamani, maduka yale! Sabuni zimepangwa mpaka darini, mafuta ya kupikia ya kopo, vitambaa vimetundikwa mlangoni na hakuna anayevigombania. Mwanakhamis hakutaka kushangaa, akajikuta anashangaa. Mwanaima, ambaye kwa kweli alikuwa mwanamke mwema asiyejua kupima maneno, akamwuliza kwa huruma, “Na eti ni kweli, da Mwanakhamis, huko kwenu mwafulia majani ya mpapai?”

“Tunafulia,” Mwanakhamis akajibu. “Na nguo zinatakata. Zisizotakata kwa majani ni roho za watu.”

Mwanaima akaitikia, “Kweli kabisa,” wala hakujua kama kapigwa kijembe. Semeni alijua. Alimtazama shoga yake kwa jicho la pembeni.

Langoni pa Ngome mlinzi akawauliza kama wote ni wa hapa. Mwanakhamis alikuwa anafungua kinywa, Mwanaima akamtangulia: “Sisi wawili wa hapa. Huyu si wa hapa, huyu mgeni wetu kutoka Tanganyika.” Mlinzi akamsogeza kando asubiri tikiti ya wageni, wao wakavuka. Akasimama peke yake jua la saa nne likimpiga, akiwaangalia wale wawili kwa ndani wamesimama bega kwa bega wanamngoja. Wamependezana, buibui kwa buibui. Aliingia amekunja uso.

Na hapo ndipo Semeni akafanya jambo la ajabu. Alimshika Mwanakhamis mkono, akaubana sana, na kiganja chake kilikuwa kimelowa. “Tumeingia, shoga,” akasema. “Si unaona? Tumeingia.” Mwanakhamis akaona ni maneno ya kumrairai tu, kama mtoto aliyelia akapewa peremende. Akautoa mkono kutafuta leso.

Ngome ni Ngome, hata mwenye wivu ataikubali. Kuta nene kuliko chumba, mizinga imepangwa imeelekea baharini, na kijia chembamba kinachopenya mwambani kuteremkia maji. Mwanaima aliijua yote, kwa sababu marehemu babake alikuwa fundi wa kuta zile. Huku walikaa Wareno, huku Waarabu, hapa walizingirwa mpaka wakala ngozi. Semeni akawa anauliza maswali. Hiki nini? Na pale pa nini? Na hawa walipitia wapi? Mwanakhamis akamsikiliza, damu ikamchemka. Mtu ameishi Mombasa karibu miaka ishirini, anauliza kama aliyefika jana! Anajifanya hajui ili mwenzake wa Kibokoni apate kuonyesha maarifa yake. Huko ndiko walikofika? Kupigiana ngoma na kuchezana?

“Na wewe, da Mwanakhamis, wapaonaje?” Mwanaima akauliza.

“Pazuri. Hata gofu huwa zuri likisifiwa.”

Walipotoka wakaingia Ndia Kuu, wakapita polepole chini ya roshani za mbao na milango ya nakshi. Mwuza maji ya matunda akawatilia bilauri tatu. Alipotaka kukamulia ndimu, Mwanaima akaiziba bilauri ya Semeni kwa kiganja. “Huyu usimtilie. Ndimu zamwumiza tumbo.”

“Nani?” Mwanakhamis akaruka. “Semeni? Semeni huyu aliyekuwa akila ndimu na chumvi mpaka meno yanakufa ganzi? Mtilie, baba!”

“Shoga,” Semeni akasema taratibu, “siku hizi siziwezi. Nina vidonda vya tumbo.”

“Tangu lini?”

“Mwaka wa tano sasa.”

Miaka mitano! Na aliyejua ni Mwanaima. Mwanakhamis alikunywa maji yake kwa mkupuo mmoja, matamu yakamkalia machungu. Hapo sasa wivu haukuwa mwiba tena. Ulikuwa umeota miguu na mikono. Akafanya hesabu yake ya moyoni na ikajipa vizuri sana: hawakumwita kwa mwari, wamemtoa nyumbani mapema, wanamzungusha juani kama mtalii. Kuna kitu kinafanywa asikione. Na anajua ni kitu gani.

Semeni akasema, “Tukapumzike kwa Mwanaima, ametupikia.”

Nyumba ya Mwanaima ilikuwa ndani ya kichochoro, uani kumeota miasumini miwili mikubwa. Na pale uani, Mwanakhamis alipovua viatu tu, akaona. Jamvi limetandikwa. Sinia limejaa asumini, jingine maua ya vilua. Kuna kibia cha liwa iliyoloweshwa, kuna chetezo cha kufukizia udi. Wanawake wamekaa wanatunga vikuba vya maua ya kuvaa shingoni, na katikati yao Bi Mize, shangazi yake bwana Massoud, ajuza mkubwa wa ukoo ule, mwenye neno la mwisho katika kila shughuli.

“Shikamoo, bibi.”

“Marahaba, mwanangu. Umetembea mji?”

“Nimetembezwa, bibi. Nimetembezwa haswa.”

Akakaa. Chakula kikaja, wali wa nazi na samaki wa kupaka, akakitia kinywani asijue ladha yake. Macho yalikuwa kwenye sinia. Vyombo vya somo vile, vyote vimo nyumbani kwa Mwanaima! Yeye kaleta liwa yake toka Tanga, imefungwa kitambaani, imelala mfukoni hakuna aliyeiulizia. Mwanaima akapita na sinia la asumini kichwani, anawaambia wale wanawake, “Hizi zisiguswe mpaka magharibi, ni za huko kwa mwari.” Ndipo Mwanakhamis akanawa mikono.

Sasa, mtu mwenye akili angeuliza. Angemvuta Semeni kando akamwambia, shoga, mbona sielewi? Neno moja tu, na mambo yangekwisha. Lakini mwenye wivu haulizi, kwa sababu anaogopa kujibiwa. Tena ana kiburi. Hataki kunyang’anywa, bora atupe mwenyewe watu waone.

“Bi Mize,” akasema, na sauti akaitia sukari. “Nina neno, kama mtaniruhusu.”

Wanawake wakaweka vikuba chini.

“Mie nimekuja kutembea. Nimetembezwa, nimeona Pembe, nimeona Ngome, nimeshiba. Mambo ya ndani yana wenyewe. Kulikuwa na ahadi ya kitoto baina yangu na Semeni kwamba nitamsomesha bintiye. Lakini mie ni mgeni, ya hapa siyajui. Somo yupo, jirani, tena mjuzi wa kila kitu. Basi mbele yenu, kwa mdomo wangu, mwari namkabidhi Bi Mwanaima.”

Semeni akainua kichwa kama aliyepigwa kofi. “Mwanakhamis!”

“Mimi?” Mwanaima akaweka sinia chini. “La, la, dada, mimi kazi hiyo siijui!”

Anajitia haya, Mwanakhamis akajisemea. Waache wafanye maigizo yao. Bi Mize alimtazama kwa macho yake madogo.

“Mwanangu, wajua unachosema? Mwari si kanga, aazimwe akarudishwe. Mwari hatiwi mikononi mwa wawili.”

“Najua, bibi. Kazi hii naijua.”

“Sema tena, basi.”

“Namkabidhi Mwanaima.”

“Kwa radhi yako?”

Hapo palikuwa na mlango wa kurudi, wazi kabisa. Mwanakhamis akauona. Akamwona pia Mwanaima kamwekea Semeni mkono begani, na Semeni hakuuondoa.

“Kwa radhi yangu,” akasema.

“Basi,” Bi Mize akasema, “isije ikawa nuksi kwa mtoto, tusome fatiha.”

Mikono yote ikainuka. Fatiha haikataliwi, hata iwe inakukata koo. Mwanakhamis naye akainua mikono yake, akaisoma pamoja nao, na mwisho wake, kwa mazoea ya ulimi, akaitikia “Amin” kwa nguvu kuliko wote. Akajipangusa uso. Jambo likawa limekwisha.

Kurudi walirudi wawili tu. Semeni alitangulia hatua kadhaa. Mwanakhamis alikuwa akingoja ugomvi na alikuwa tayari nao, maneno yamejipanga mdomoni. Ugomvi haukuja. Walipofika penye kivuli cha ukuta wa msikiti, Semeni akasimama akageuka, na uso wake ulikuwa umelowa wote.

“Nimekukosa nini, Mwanakhamis?”

“Wewe hujui?”

“Sijui. Niambie.”

“Umeniweka ndani kama mgeni, hata uso wa mwari sijauona. Umenizungusha juani wenzio wapate kuandaa. Udi kule, asumini kule, liwa kule! Unafikiri mie mtoto?”

Semeni alimtazama kama anayemtazama mtu asiyemjua. “Asumini zile ni zako,” akasema.

“Zangu za nini?”

“Za kukuingizia! Kwao Massoud somo haingii kwa mwari kimya kimya kama mwizi. Anakaa siku moja nje ya nyumba, kisha huletwa magharibi kwa udi na vigelegele, amevishwa vikuba, njia imemwagiwa asumini. Ndiyo heshima yake. Hatumwambii somo, ni kumshtua. Mwanaima katoa uani kwake kwa sababu miasumini iko kwake. Kazi yake ilikuwa kukuweka mbali na nyumba mpaka jua lizame.”

Mwanakhamis akageuka akaangalia walikotoka.

“Na Ngome,” Semeni akaendelea, sasa analia waziwazi, wapita njia wanageuka, “Massoud amenibembeleza mara ngapi twende? Wanangu wamekwenda na shule. Mimi nimekataa. Karibu miaka ishirini niko mji huu, sijaingia Ngomeni, sijasimama chini ya zile Pembe. Nilisema nitaingia na Mwanakhamis. Nilikungoja hadi mpaka ufunguliwe. Leo tumeingia, nikakushika mkono, ukautoa.”

“Semeni, shoga yangu, turudi kwa Bi Mize. Nitapiga magoti.”

“Fatiha hairudi. Na ulisema mara ngapi? Alikuuliza, ukasema. Akakuuliza tena, ukasema.” Semeni akajipangusa kwa ukaya. “Ungenipiga mimi. Mtoto alikuwa na kosa gani? Tangu ajue kusema tunamwambia ana somo wake Tanga.”

Wakaenda.

Magharibi ilipoadhiniwa, mtaa wa Majengo, nyumbani kwa Semeni, ulijaa wanawake. Vigelegele vikaanzia mbali, udi ukatangulia, na Mwanaima akaletwa. Vikuba vimemjaa shingoni, asumini zinamwagwa miguuni pake, na uso wake una woga wa mtu anayekwenda kortini. Mwanakhamis alikuwa uani, kapewa kiti kizuri na sahani ya haluwa, miongoni mwa wageni. Akapiga vigelegele kama wengine, sauti ikamkatika katikati. Wivu ulikuwepo bado, tena mkali zaidi. Asikwambie mtu kwamba ukweli unauponya. Sasa alikuwa na wivu na mwanamke ambaye hajamwibia kitu.

Mlango wa mwari ukafungwa. Haukupita muda ukafunguliwa nusu, na Mwanaima akachungulia, jasho linamtiririka. Akamwita kwa mkono. Mwanakhamis akaenda.

“Da Mwanakhamis,” akanong’ona, “nimwambie nini? Mimi sijapata kusomesha hata paka. Mtoto amekaa ananitazama. Nisaidie, kwa jina la Mola.”

Pale mlangoni Mwanakhamis angeweza kumwambia, wewe si unajua kila kitu, hata Wareno walikula nini? Neno lilifika mpaka kwenye midomo. Akaona nyuma ya Mwanaima, katika mwanga wa taa, kidole cha mguu cha mtoto kimetiwa hina, kinachezacheza kwa wasiwasi chini ya kanga. Akameza lile neno. Akakaa kizingitini kwa nje, mgongo umeegemea ukuta, ili mwari asimwone, maana ameshamtoa mikononi na si halali tena kuingia.

“Mwanzo mwambie anyooshe miguu,” akasema. “Kisha mwambie hivi.”

Akampa la kwanza, Mwanaima akalibeba ndani. Akampa la pili. Maneno ya bibi yake, yale aliyoyaweka miaka yote kwa ajili ya mtoto huyu mmoja, aliyasikia yakitamkwa ndani kwa sauti nyingine na kwa lafudhi ya Mvita, mengine yamepinda, mengine yametoka vizuri kuliko alivyoyasema yeye. Mara mtoto akacheka kwa aibu. Mara akanyamaza, akalia kidogo, akabembelezwa. Uani wanawake wakaendelea kula na kusimuliana. Semeni alipita na birika, akamwona shoga yake pale chini, akasimama kidogo, kisha akaenda zake.

Mafunzo yalikuwa yanakaribia mwisho, pale ambapo mwari kwa mara ya kwanza humwita mfunzi wake kwa jina litakalodumu. Mwanakhamis alijua limefika. Alikuwa amelisikia kwa wasichana wa watu mara nyingi. Akajikunja, akaziba masikio, halafu akaiondoa mikono.

“Somo!” Suhaila akaita kutoka ndani, sauti nyembamba, safi.

“Naam, mwanangu!” Mwanakhamis akaitika kabla hajajizuia, kwa sauti kubwa, uani kote wakasikia.

Na ndani, Mwanaima naye akaitika, “Naam, mwanangu.”

Wanawake wote wakageuka kumtazama. Kisha nyuma ya mlango mtoto akauliza, “Somo, ni nani huyo anayeitikia huko nje?” Mwanakhamis akainuka kwa kujishika ukutani, akaenda kuchukua sahani zilizokwisha liwa, akaanza kuosha.